Maswali ya wasomaji: Tume ya kilimo ya Michigan, nani anawaweka wale?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Mi nalima tumbaku huku Ulyankulu, Tabora. Nina mjomba yuko Marekani jimbo la Michigan, juzi kwenye simu kanitambia eti kwao kuna tume ya kilimo na wajumbe wake wanapigiwa kura na wakulima wenyewe, sio kama sie tunaletewa tu watu. Ni kweli au ananipiga fiksi? Na Bodi ya Tumbaku je, nani anawaweka?
Mkulima, Ulyankulu

JIBU: Mjomba kaongeza chumvi. Tume ipo kweli, inaitwa Tume ya Kilimo na Maendeleo Vijijini, ina wajumbe 5 tu, na hakuna mkulima anayewapigia kura, wanateuliwa na gavana wa jimbo na kila mmoja anakaa miaka 4. Nahisi kachanganya na Texas, kule wananchi wanapiga kura kweli ila wanamchagua kamishna wa kilimo, mtu mmoja anayeongoza idara, sio tume.

Lakini usimcheke sana, maana gavana wa Michigan hana uhuru wa kujaza marafiki zake. Katika wale 5 wasizidi 3 wa chama kimoja, hata awe kashinda kwa kishindo gani. Halafu kuna Seneti ya jimbo, na hapa ndo pananifurahisha: Katiba yao ya 1963 inawapa maseneta siku 60 kumkataa mteule kwa kura za wengi, na ni siku za vikao sio za kalenda, sasa wakinyamaza mpaka siku zikaisha basi jamaa kapita. Yaani kama mambo ya posa za zamani, binti akiulizwa akainamisha kichwa kimya, wazee wanasema karidhia!

Kwetu njia ni fupi. Kwa Sheria ya Tumbaku ya 2001 mwenyekiti wa Bodi anateuliwa na Rais, wajumbe wengine Waziri wa Kilimo, na majina hayaendi bungeni kupigiwa kura.

Sasa kura yako wewe iko AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima. Bodi ya AMCOS inachaguliwa na wanachama wenyewe kwenye mkutano mkuu, Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 ndo inasema hivo, na kwa maoni yangu hao wanakugusa zaidi kuliko hata wale wa juu, maana mambo ya pembejeo, mikopo na malipo ya mabelo yako, yaani marobota ya tumbaku, yanapita mikononi mwao. Ajabu siku ya mkutano mkuu nusu ya watu wako nje chini ya mwembe wanasubiri soda, akishachaguliwa mtu ndo wanaanza kuulizana huyu katokea wapi.

Mjomba akipiga tena muulize gavana wao chama gani, halafu akuhesabie hao 5 mmoja mmoja.