Andika kabla hujajua matokeo

Kwa miaka kadhaa, kila nilipoulizwa kuhusu biashara niliyoanzisha na rafiki yangu ikavunjika, jibu langu lilikuwa moja: "Mimi nilijua tangu siku ya kwanza." Sikuwa nadanganya. Ndivyo nilivyokumbuka.

Kisha siku moja, nikipanga makaratasi, nikakutana na daftari la wakati ule. Kwa mwandiko wangu mwenyewe, wino wa bluu, nilikuwa nimeandika: "Sina wasiwasi naye hata chembe. Huyu ni ndugu." Neno ndugu nimelipigia mstari mara mbili.

Nilikaa chini. Kosa lile halikuwa limenifundisha chochote, maana aliyejua tangu mwanzo hana cha kujirekebisha.

Kumbukumbu hutuchezea sote hivyo. Mwaka 1972, kabla Rais Nixon wa Marekani hajazuru Beijing na Moscow, watafiti Baruch Fischhoff na Ruth Beyth waliwaomba wanafunzi wakadirie uwezekano wa mambo mbalimbali kutokea katika ziara hizo. Baadaye wakawataka wakumbuke makadirio yao. Kwa yale yaliyokuwa yametokea, wengi walikumbuka kwamba waliyatarajia zaidi ya walivyokuwa wameandika.

Siku hizi uamuzi mzito nauandika kwanza: tarehe, sababu zangu, ninachotegemea kitokee, na nina uhakika kiasi gani kwa kumi. Naongeza pia hoja zinazoupinga. Mwanasayansi Charles Darwin, mwenye nadharia ya mageuzi ya viumbe, alikuwa na mazoea ya kuandika papo hapo kila jambo lililokwenda kinyume na nadharia yake, kwa kuwa aligundua kwamba mambo ya namna hiyo yalimtoka kichwani upesi kuliko yale yaliyomuunga mkono.

Mstari wa mwisho ndio ulionifaa kuliko yote: hali yangu wakati huo. Nimelala vya kutosha? Nina hasira na nani? Yuko mtu ninayeogopa kumkatalia? Niliposoma kurasa za mwaka mzima kwa mkupuo, niliona kwamba maamuzi niliyoyajutia, karibu yote, niliyafanya ili mtu fulani asininunie. Angeniambia mwingine, ningebisha mpaka usiku. Kubishana na mwandiko wangu sikuweza.

Mistari sita au saba inatosha. Ila tafadhali usirudi kesho yake kufuta au kupamba. Acha ukurasa ulivyo, kisha uufungue baada ya miezi 6, hata kama mambo yalikwenda vizuri. Wakati mwingine yamekwenda vizuri kwa sababu tofauti kabisa na uliyoiandika, na hilo nalo ni la kujua.

Wiki iliyopita nimeombwa kumdhamini mtu mkopo. Kwenye uhakika nikaandika 4. Kwenye hali yangu nikaandika: "Naogopa atanuna." Niliisoma sentensi ile mara mbili, nikafunga daftari, nikampigia simu kumwambia sitaweza.