Maswali ya Wasomaji: Ubao Wenye Kasi kwa Mbio za Maji Matulivu

Barua nyingi zilizotufikia safari hii ni za watu wanaotaka kuachana na ubao wa kawaida wa kupigia kasia kwa kusimama na kuhamia ubao wa mbio. Tumejibu zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

SWALI: Nina kilo 78 na nimezoea ubao wa mita 3.2 wenye upana wa sentimita 81. Nataka kushiriki mbio za kilomita 10 ziwani. Wenzangu wananihimiza ninunue ubao wa sentimita 58 kwa kuwa ndio wanaotumia washindi. Nifuate ushauri huo?

Hapana, si kwa ubao wako wa kwanza wa mbio.

Anza na urefu, maana huo hauna ubishi. Ukomo katika mashindano makubwa, yakiwemo yale ya dunia ya ICF (Shirikisho la Kimataifa la Mitumbwi) yaliyoanza Qingdao, China, mwaka 2019, ni futi 14, yaani mita 4.27. Ndiyo maana karibu kila ubao wa mbio za maji matulivu hutengenezwa kwa urefu huohuo. Ubao unapokata maji huzaa wimbi, na wimbi hilo hurefuka kadiri unavyoongeza kasi. Likishalingana na urefu wa ubao, ukizidisha kasi tezi (sehemu ya nyuma ya ubao) huanza kuzama bondeni, omo (sehemu ya mbele) huinuka, na nguvu zako zinaishia kupanda wimbi ulilolizaa mwenyewe. Kwa ubao wako wa sasa hali hiyo hufika karibu na kilomita 8 kwa saa. Kwa ubao wa mita 4.27 ni karibu na 9.3. Ubao mwembamba unaweza kuupita mpaka huo, lakini kila hatua ya kasi inayoongezeka hapo inadai nguvu nyingi kuliko ile iliyotangulia.

Upana ndio wenye mtego. Uwezo wa ubao kukataa kulala upande haupungui sawa na upana. Unafuata upana mara upana mara upana. Ukitoka sentimita 81 kwenda 58, hata baada ya kuhesabu urefu ulioongezeka, unabaki na takriban nusu ya utulivu uliouzoea. Ukienda 64 unabaki na kama theluthi mbili. Hapo mwili unaweza kujifunza bila kupigana na ubao kila sekunde.

Gharama ya kuyumba huonekana kwenye hesabu ya mapigo. Mtu anayepiga kasia mapigo 50 kwa dakika, na manne kati ya hayo akayatumia kujiegemeza ili asianguke, amepoteza asilimia 8 ya msukumo wake. Faida ya kupunguza sentimita chache za upana haifidii hasara hiyo. Tena maji yanayoitwa matulivu huchafuka siku ya mbio: mbao kadhaa zikiondoka pamoja, mawimbi yao hukutana pembeni mwako, na kwenye boya la kugeuzia hali huwa hiyohiyo. Ukitaka kumfuata mwenzako kwa karibu nyuma ya tezi yake ili kupunguza kazi, utakuwa umesimama juu ya maji yanayochemka. Asiye na utulivu hukosa nafuu hiyo, naye aliye mbele anazidi kutokomea.

Kwa uzito wako tungekushauri sentimita 62 hadi 64, ujazo wa lita 250 hivi. Ila usiamini kipimo cha sitaha peke yake. Kinachokushikilia ni upana pale ubao unapokutana na maji. Mbao mbili zenye sentimita 62 juu zinaweza kutofautiana sana: yenye tumbo bapa na mbavu zilizosimama wima hutulia, yenye tumbo la mviringo na mbavu zinazoingia ndani huviringika. Zigeuze zote mbili kifudifudi uzitazame kutokea kwenye tezi. Tofauti utaiona kwa macho.

Kisha zijaribu hivi. Piga kasia nusu saa kwanza, uchoke kidogo. Weka alama mbili zilizoachana mita 500, nenda na urudi mara tatu kwa kila ubao, siku moja, kwa mapigo ya moyo yaleyale, na uchukue wastani wa kwenda na kurudi ili upepo usikudanganye. Wakati huo angalia miguu yako. Vidole vikiwa vimejikunja kung'ang'ania sitaha, au nyayo zikianza kufa ganzi, ubao huo bado ni mwembamba kwako hata kama saa inakupa matumaini. Ubao utakaokufaa ni ule ambao mita 500 za mwisho zinakaribiana na za kwanza. Tofauti ndogo isikukatishe tamaa: kutoka kilomita 7.5 hadi 7.8 kwa saa ni dakika tatu nzima katika kilomita 10.

SWALI: Mimi ni mwepesi, kilo 54. Je, futi 12 na inchi 6 zinanitosha, au lazima nichukue 14?

Soma kwanza kanuni za mbio unazozilenga. Pakiwa na kundi la futi 12 na inchi 6, yaani mita 3.81, utashindana na walio sawa na wewe. Wote wakiondoka pamoja na kupangwa pamoja, chukua 14.

Hata hivyo usidhani unaachwa mbali sana ukibaki na ubao mfupi. Ukienda kilomita 6.5 hadi 7 kwa saa, hujaukaribia mpaka wa wimbi wa ubao wowote kati ya hiyo miwili, na kinachokurudisha nyuma zaidi ni msuguano wa maji kwenye tumbo la ubao. Ubao mfupi una eneo dogo linalogusana na maji, na hapo unajitetea vizuri.

Kosa la watu wepesi ni kununua ubao wa futi 14 uliotengenezwa kwa mtu wa kilo 85. Unaelea juu mno, upepo wa ubavu unausukuma kama tanga, na kwa kuwa mbavu hazizami vya kutosha unahisi unayumba ingawa ni mpana. Tafuta wa futi 14 wenye ujazo mdogo, lita 200 hadi 230, na sitaha iliyo chini.

SWALI: Nimenunua ubao wa sentimita 58, lakini saa inaonyesha niko polepole kuliko kwenye ubao wangu wa zamani wa kujaza upepo. Ubao una kasoro?

Karibu kila mara kasoro iko mahali unaposimama. Ubao wa mbio una mahali pamoja pa kusimama, na hapo panabadilika kwa sentimita.

Sikiliza nyuma yako. Tezi ikigugumia maji kwa sauti, umesimama nyuma mno: tezi imezama, inakokota maji, na omo iko hewani bila kazi. Sogea mbele sentimita 5, piga kasia dakika mbili, sikiliza tena, endelea hivyo mpaka sauti iwe nyembamba na maji yaachane na tezi bila kuviringika. Ukipitiliza, ubao nao utakueleza: omo inachimba, maji yanapanda sitahani, na ubao unakwenda kushoto na kulia bila kuamriwa. Rudi nyuma sentimita 3. Bandika kipande cha utepe hapo, ili hata baada ya kuanguka urudi mahali palepale. Kishikio cha kubebea kwa kawaida huwa karibu na katikati ya uzito wa ubao na ni pa kuanzia tu. Uzito na umbo la mtu husogeza mahali sahihi. Wanaobeba chupa ya maji na mkoba mbele ya miguu wapime wakiwa navyo.

La pili ni kasia. Ubao wa kujaza upepo una unene wa sentimita 15 na wewe ulikuwa umesimama juu yake. Ubao wa mbio wenye sitaha iliyozama unakushusha karibu na maji, kwa hiyo kasia lilelile sasa ni refu kupita kiasi: mkono wa juu unapanda juu ya kichwa, bega linachoka, na blade (bapa la kasia linaloingia majini) inatoka majini kwa kuchelewa, nyuma ya mguu. Anza na kimo chako ukiongeza sentimita 15 hadi 20, kisha punguza kwa sentimita 2 mpaka blade izame yote huku mkono wa juu ukiwa usawa wa paji la uso. Blade kubwa nayo inasumbua. Kila pigo zito hukuvuta upande mmoja, na ubao wa sentimita 58 hauna subira na mvuto huo. Eneo la sentimita za mraba 500 hadi 550 linawatosha wengi.

La tatu ni muda. Jipe majuma sita ya mazoezi mafupi kabla ya kuuhukumu ubao. Ikiwa bado unajiegemeza kwa kasia kila mara, ubadilishe na mpana zaidi bila kuona haya.

SWALI: Sitaha iliyozama au sitaha bapa?

Kwa mbio ndefu za maji matulivu, iliyozama. Kushusha nyayo sentimita chache kunashusha uzito wote wa mwili, na ndiyo sababu watu wengi wanaweza kutumia ubao mwembamba kuliko vile ambavyo wangeweza kwenye sitaha bapa. Kuta za pembeni pia huongeza ujazo, hivyo ubao ukiinama huinuka wenyewe.

Ina masharti yake. Maji yakiingia lazima yatoke, na lita 5 zilizobaki ndani ni kilo 5 zinazokimbia huku na huku. Kagua matundu ya kutolea maji: yawe makubwa, na yawe chini kabisa ya sakafu. Yakiwa juu ya sakafu hata kwa sentimita moja, dimbwi halitoki. Jambo jingine ni kugeuka kwenye boya. Unaporudi nyuma kuzamisha tezi, mguu lazima uvuke ukingo wa sitaha. Jaribu mara ishirini kabla ya kununua; ukijikwaa mara kwa mara na mbio zako zina maboya mengi, sitaha bapa itakufaa zaidi.

SWALI: Ubao wa kujaza upepo unaweza kushindana?

Katika kundi lake, ndiyo. ICF ina mbio maalumu za mbao hizo. Dhidi ya ubao mgumu wa kaboni kwenye maji matulivu, unadaiwa mambo mawili tangu mwanzo: omo yake ni butu kidogo, na katikati hupinda chini ya uzito wako, hivyo kila pigo linapoteza nguvu kidogo katika kuukunja na kuukunjua.

Punguza hasara kwa shinikizo. Jaza mpaka kiwango cha juu alichoandika mtengenezaji, kwa kawaida kati ya bar 1 na 1.4, na upime tena baada ya ubao kukaa majini dakika kumi, kwa kuwa maji baridi hupoza hewa na shinikizo hushuka. Ukiutoa majini na kuuacha juani, fungua vali kidogo.

SWALI: Nifunge pezi gani chini ya tezi?

Lenye kimo cha sentimita 20 hadi 23, lililosimama, kama maji ni masafi. Penye majani, chukua lililolala nyuma, la sivyo utakokota fungu zima la majani bila kujua. Dalili ni kasi kushuka ghafla huku ubao ukitetemeka. Pezi likisogezwa nyuma ubao hushika njia zaidi. Likisogezwa mbele hugeuka kwa wepesi. Beba skrubu ya akiba na kibamba chake.

SWALI: Nimepata ubao wa kaboni uliotumika. Nikague nini?

Upime uzito kwanza. Ubao wa futi 14 wa kaboni kwa kawaida huwa kilo 10 hadi 12. Ukizidi uzito alioutaja mtengenezaji kwa kilo mbili au zaidi, shuku maji ndani ya povu. Bonyeza kwa kidole gumba sentimita baada ya sentimita, hasa pale nyayo zinaposimama na pale kasia linapogonga ubavu. Panapobonyea au panapotoa sauti nzito tofauti na jirani yake, gamba limeachana na povu. Tazama pembe za boksi la pezi kwa tochi: ufa mwembamba kama unywele hapo hupitisha maji. Kama ubao una skrubu ya kutolea hewa, hakikisha inafunguka na mpira wake haujakauka. Ubao wa aina hiyo ukiachwa juani huku skrubu imefungwa, hewa ya ndani hutanuka na kulibandua gamba. Muulize muuzaji ulihifadhiwa wapi, na kabla ya kulipa uuache majini saa moja ukiwa juu yake, ukaushe kwa kitambaa, kisha urudi kwenye mizani.