Loki ya akseleta au kruzi? Ushauri kwa wanaosafiri mbali kwa pikipiki

Kila ikikaribia Desemba, watu wanapoanza kupanga safari za nyumbani, vijana tunaosafiri nao huniuliza swali moja: "Kaka, nikifika Mikumi mkono wa kulia umeshakufa ganzi, ninunue kifaa gani cha kushikilia mafuta?" Jibu langu huwaudhi kidogo, kwa sababu linaanzia kwenye oili.

Kabla hujatoa hela, mwambie fundi afungue waya wa akseleta, audondoshee oili nyepesi kwa juu mpaka itokee chini, halafu aangalie kama haujakunjwa vibaya chini ya tenki. Pikipiki nyingi ninazozijaribu zina akseleta nzito kwa ajili ya waya mkavu tu, na mwenyewe ameshazoea, anadhani ndivyo ilivyotoka kiwandani. Ukimaliza hapo, kaa kwenye siti ukiwa umevaa glavu, nyoosha vidole juu ya mkono wa breki. Kama kifundo kinapinda kwenda juu, legeza nati, shusha mkono wa breki kidogo mpaka kiganja na mkono viwe mstari mmoja. Dakika tano, bure.

Ganzi yenyewe nayo ina lugha yake. Ikishika kidole gumba, cha shahada na cha kati, tatizo mara nyingi ni kifundo kilichopinda muda mrefu, neva inayopita katikati yake ikabanwa. Ikishika kidole cha mwisho na jirani yake, unaegemea usukani mno kwa upande wa nje wa kiganja, na hilo halitibiwi na kifaa chochote cha kushikilia mafuta. Shughulikia mkao wako na urefu wa usukani. Mtetemo unaowasha mkono mzima ni habari nyingine: tafuta vizito vya ncha za usukani au raba nene za kushikia.

Ukishafanya hayo na bado mkono unachoka, sasa tuongee manunuzi.

Kuna familia mbili na watu wanazichanganya. Loki ya akseleta inashikilia mkono wa mafuta pale ulipouacha, basi. Haijui mwendo wako. Ukiwa kwenye 90 ukaanza mlima, mwendo unashuka. Ukianza mteremko, unapanda mpaka urekebishe mwenyewe. Kruzi ya kweli inasoma mwendo wa gurudumu na kuongeza au kupunguza mafuta yenyewe, na ukigusa breki au klachi inajitoa. Anayekuuzia loki ya plastiki kwa jina la kruzi anakuuzia jina.

Kwa barabara zetu mimi nachagua kwa kigezo kimoja kinachozidi vingine vyote: kinaachiaje? Kushikilia, kila kifaa kinashikilia, hata kipande cha mpira wa tyubu. Lakini umefunga loki, umetulia, mara ng'ombe mmoja anatoka kwenye majani baada ya Igawa na wenzake wanamfuata. Mkono wako utafanya kitu kilekile ulichofanya miaka yote, utarudisha akseleta na kushika breki kwa pamoja. Kifaa kizuri kinakubali kurudishwa kwa nguvu ileile ya kawaida, bila kutafuta kitufe. Ikibidi ufikirie kwanza, umeshachelewa.

Ndiyo maana ule ujanja wa mpira uliokazwa kati ya raba ya mkono na kizito cha ncha siupendi, ingawa nawajua wazee waliofika nao Tunduma wakarudi salama. Jua linaulainisha, unanata, halafu siku ya mvua unateleza. Leo unashika hivi, kesho vile. Kufunga akseleta kwa kamba ya plastiki sitalijadili.

Kilicho rahisi kuliko vyote ni kiegemeo cha kiganja, kile kibapa cha plastiki kinachobanwa juu ya raba ya mkono. Wengi wanakijua kwa jina la Crampbuster, na nakala zake zimejaa mtandaoni. Hakifungi kitu. Unakandamiza kwa kiganja badala ya kubana kwa vidole, vidole vinapumzika, na ukiinua mkono akseleta inarudi yenyewe. Ni cha bei ndogo kuliko vyote na kwa mwenye Boxer, TVS au XR anayeenda kijijini mara mbili kwa mwaka ndicho ninachompendekeza bila kusita. Kina kasoro moja, na wauzaji hawaisemi. Mjini, kwenye foleni, unapofungua vidole kufuata breki, kiganja kinaweza kukikandamiza na pikipiki ikaruka mbele kuelekea bampa la daladala. Dawa yake ni kukizungusha kiangalie chini au mbele unapoingia mjini, na kukirudisha ukishatoka. Kikikataa kuzunguka kwa mkono mmoja, kimekazwa kupita kiasi au ni nakala mbovu.

Kuna aina nyingine ya plastiki inayobanwa kwenye raba na mkia wake ukaja kuegemea juu ya mkono wa breki ili kuzuia akseleta isirudi. Inafanya kazi, na ukisukuma kwa nguvu inateleza kama ilivyokusudiwa. Mimi tu sitaki kitu chochote kinacholala juu ya breki yangu ya mbele. Wengine wanaitumia miaka na hawana neno.

Anayesafiri kweli, mwenye pikipiki kubwa za safari kama Himalayan, V-Strom, Ténéré au GS kuukuu, aangalie loki za msuguano za chuma. Kuna mbili zinazotajwa sana. Kaoko inakaa mwisho wa usukani mahali pa kile kizito: unazungusha nati kwa vidole, inasukumana na mwisho wa raba, msuguano unaongezeka kadiri unavyozungusha. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuiacha nusunusu, akseleta ikawa nzito kidogo tu lakini inarudi. Tatizo ni kinga za mikono. Kama zako zinafungwa mwisho wa usukani, lazima upate toleo linalolingana nazo, la sivyo utabaki na chuma kizuri kwenye droo. Atlas inabanwa kwenye mrija wa akseleta, katikati ya raba na nyumba ya swichi, ina kitufe cha kufunga na kingine cha kufungua, vyote kwa dole gumba la kulia. Nafasi pale ni ndogo mno, kwa hiyo pima kwanza pikipiki yako. Zote mbili zinavuka dola 100 kabla ya usafiri na ushuru. Kwa bei hiyo, usiruhusu mtu akuambie "itaingia tu".

Nimewahi kuagiza nakala ya aina hii ya pili kutoka duka moja la mtandaoni. Pete ilikuwa na ukingo mkali kama kifuniko cha kopo, ikaanza kula mrija wa plastiki. Niliitoa. Shida ya chuma laini ni kwamba kinabana vizuri dukani, na baada ya kilomita chache za vumbi la Singida kinakuwa na mchezo, yaani kinacheza mahali pake, kifungo kinakamata upande mmoja.

Siku ya kufunga usimwachie fundi peke yake. Injini ikiwa imezimwa, washa loki, kisha rudisha akseleta kwa vidole viwili. Ikikataa, legeza. Zima loki, vuta mpaka mwisho, achia: lazima irudi yenyewe kwa mlio ule wa "tak". Kisha washa injini, iache ikae kwenye sailensa, yaani mlio wa chini bila kuvuta mafuta, geuza usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho. Mlio ukipanda hata kidogo, waya unavutwa, na huendi popote. Acha pia mchezo wa milimita 2 hadi 6 kabla akseleta haijaanza kuvuta. Pikipiki nyingi zinataka kiasi hicho. Na sehemu za msuguano zifutwe kwa kitambaa kikavu. Nimeona kijana akizipaka grisi ili "zisilie". Hazikulia tena, wala hazikushika.

Kurudi kwa akseleta si jambo la hiari ya mtengenezaji. Pikipiki za zamani, zikiwemo Harley-Davidson na BMW, zilikuwa na skrubu chini ya akseleta ya kuikaza ibaki ilipo. Baadaye Marekani iliweka kanuni kwamba mkono ukiachia, akseleta lazima irudi yenyewe. Loki unayonunua leo inazuia kitu ambacho sheria ya wengine ilikitaka kwa makusudi. Itumie ukilijua hilo.

Wapi uitumie? Dar mpaka Chalinze isahau: malori, mabasi, matuta, vibao vya 50 na askari wa tochi. Ndani ya hifadhi ya Mikumi isahau pia, hata mchana kukiwa kweupe. Kile kibao chenye orodha ya faini za kugonga wanyama hakikuwekwa kwa mapambo. Kwenye mlima wa Kitonga ndiyo usiiguse loki kabisa. Ukipanda unabadilisha gia kila kona, ukishuka unahitaji akseleta imerudi kabisa ili injini ikusaidie breki. Pia kumbuka kwamba loki haijui kama umeshika klachi: injini inabaki imevutwa na italia kwa nguvu. Inapolipa ni kutoka Mafinga kwenda Makambako asubuhi, au Dodoma kwenda Singida, barabara imenyooka na unaona mbali. Hata huko mkono wangu haubanduki kwenye usukani. Upepo wa Makambako ukikupiga ubavuni, au basi likikupita kwa kasi, utajua kwa nini. Loki ni ya kulegeza vidole, kuvikunjua na kuvikunja, basi.

Kruzi ya umeme nitaigusa kwa kifupi kwa sababu uamuzi wake haufanyiki dukani kwa spea, unafanyika siku unaponunua pikipiki. Siku hizi ile ya kiwandani huhitaji akseleta ya umeme, isiyo na waya wa kuvuta moja kwa moja. Hata hivyo kuwa na akseleta hiyo si kuwa na kruzi: Honda Africa Twin ya 2018 ilipata akseleta ya umeme bila kruzi, ikaja kuipata kwenye ile ya cc 1,100 ya mwaka 2020. Himalayan 450 ina akseleta ya umeme na haina kruzi. TVS Apache RTR 310 inayo, kwa hiyo si kitu cha matajiri wa GS pekee tena. Ukinunua mtumba, usiangalie swichi tu. Iwashe kruzi barabarani, gusa breki ya mbele, ya nyuma, kisha klachi, kila mara uone inajitoa. Swichi ya breki iliyoharibika ndiyo inayoigeuza kruzi kuwa hatari.

Kwa pikipiki za waya ipo kruzi kamili ya kufungwa baadaye, MCCruise ya Australia, yenye mota yake na vihisio. Ni kazi nzuri, lakini gharama yake pamoja na usafiri inatosha kununulia bodaboda iliyotumika, na sijui fundi wa Kariakoo atakayekubali kufungua nusu ya pikipiki kwa ajili yake bila kukuharibia kitu.

Mvua ikianza, zima: loki, kruzi, vyote. Zile njia mbili zilizochimbwa na matairi ya malori kwenye lami ya TANZAM, ile barabara ya Dar kwenda Zambia, hujaa maji. Gurudumu likiteleza humo, kruzi inaweza kuendelea kuvuta mafuta huku wewe unahitaji yapungue taratibu kwa mkono wako.

Na ukimwazima mtu pikipiki, toa loki kabisa au mwoneshe kabla hajawasha. Fundi anayekwenda kuijaribu baada ya sevisi vilevile. Hajui kile kitufe ni cha nini, na atakibonyeza.