Kumtoa ni sawa, lakini karatasi ya saini itatuumiza

Mmeuliza kama wapigakura wapewe nguvu ya kumtoa diwani au mwenyekiti kabla miaka mitano haijaisha. Mimi niko Busia upande wa Uganda na nasema wapewe. Diwani wetu wa sabukaunti tangu aapishwe tunamwona kwenye matanga tu, anafika na bahasha, anaongea kidogo, anapanda boda anapotea, na ile pampu ya kisima karibu na shule mkono wake umefungwa na mpira wa baiskeli mpaka leo, mama mmoja anapampu mwingine ameushika usichomoke. Huyo unamngojea miaka mitano ya nini?

Ila tusidanganyane, kitu kama hiki tulikuwa nacho. Katiba ya 1995 kifungu cha 84 iliruhusu kumtoa mbunge, lakini ilitaka saini za theluthi mbili ya wote waliojiandikisha. Jamani! Mtu anaingia na kura zake chache, ukitaka kumtoa unaweza kujikuta unatafuta watu wengi kuliko waliompigia yeye na wapinzani wake wote pamoja. Halafu 2005, vyama vingi vikirudi, wakarekebisha katiba kwamba haki hiyo ni ya wakati wa mfumo wa Movement, ule wa siasa bila vyama, peke yake, basi ikaishia hapo. Mwenyekiti wa wilaya naye anatolewa na madiwani wenzake. Kampala Novemba 2013 ilikuwa hivyohivyo, madiwani wakapiga kura kumtoa Meya Mkuu Erias Lukwago, 2016 wananchi wakamchagua tena, sasa hao madiwani walikuwa wanamwakilisha nani?

Majirani zetu Kenya waliweka saini za asilimia 30 ya waliojiandikisha, afadhali kidogo.

Lakini kinachonitisha mimi zaidi ni hiyo karatasi ya saini yenyewe. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ndiye anashika muhuri. Unataka paspoti, unauza kiwanja, kijana wako ameshikwa polisi, wote wanakuambia lete barua ya LC. Sasa wewe umeandika jina na kuweka dole gumba kwamba huyu mzee atoke, hajatoka, kesho uko mlangoni kwake unaomba barua, si atakuzungusha mpaka ukome? Hata 2018 tulimchagua kwa kupanga mstari nyuma ya mgombea, kila mtu akiona nani amesimama wapi, na kuna majirani mpaka leo hawasalimiani vizuri.

Kwa hiyo mimi ningetaka saini chache tu za kuanzisha, hata asilimia 10 ya waliojiandikisha, zipelekwe Tume ya Uchaguzi na majina yasibandikwe popote, halafu tupige kura ya siri kwa karatasi, wanaomkataa wakizidi anakwenda. Na mwaka wa kwanza aachwe afanye kazi kwanza, maana nawajua walioshindwa, wataanza kutembeza hizo karatasi hata kabla mwenzao hajaapishwa.