Pauni ya Dhahabu Uliyorithi: Kabla Hujampelekea Sonara

Pauni hiyo ni sarafu ya dhahabu ya Uingereza (sovereign). Usiisugue. Si kwa dawa ya meno, si kwa majivu, wala kwa pindo la kanga. Madoa mekundu ni shaba iliyochanganywa humo, maana hii ni dhahabu ya karati 22, na mnunuzi anayejua sarafu hayamsumbui. Mikwaruzo ya kusugua ndiyo inayomkimbiza. Ishike ukingoni, juu ya taulo lililokunjwa.

Tafuta mizani inayosoma gramu 0.01. Pauni nzima ina gramu 7.98 na upana wa milimita 22.05. Iliyochakaa kwa kupita mikononi hushuka hadi 7.94 hivi, ikipungua zaidi, angalia kama imeparwa ukingoni.

Halafu maji. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, rudisha sifuri, funga sarafu kwa uzi mwembamba uizamishe yote bila kugusa chini wala kando. Mizani isome karibu 0.45. Ikisoma 0.60, hiyo si karati 22. Kiputo cha hewa kilichonasa hupandisha namba, kwa hiyo itikise kidogo, urudie mara tatu.

Kufaulu hapo si mwisho. Beirut, Lebanoni, zilitengenezwa bandia nyingi kwa dhahabu halisi, uzito sawasawa. Kwa pauni za Mfalme George V, geuza upande wenye shujaa juu ya farasi, utazame ardhi chini ya farasi, juu kidogo ya mwaka. Hapo kuna herufi moja au mbili, ndogo sana, za kiwanda kilichoitengeneza: M ni Melbourne, P ni Perth, S ni Sydney, SA ni Pretoria. Ikiwa mwaka ni kati ya 1918 na 1924 na herufi haipo, ni bandia. Isiyo na herufi ni ya London, na London haikutoa pauni za miaka hiyo. (Herufi iliyolika inaweza kukudanganya, tumia kioo cha kukuza mara 10.)

Uchakavu huanza palipoinuka: ndevu na nywele juu ya sikio la mfalme, kofia ya shujaa, kifua cha farasi. Inamishe chini ya taa moja. Mng'ao wa asili huzunguka kama miali. Iliyosuguliwa hung'aa palepale, na michirizi yake hulala upande mmoja.

Mwisho geuza ukingo, hasa juu ya kichwa cha mfalme. Pauni nyingi za pwani ziligeuzwa vidani. Meno ya ukingo yaliyojaa lehemu, au bapa dogo lililopigwa tupa, yanamaanisha utalipwa bei ya dhahabu tu: gramu 7.32 halisi, hata kama sura ni safi.