Hesabuni Fedha Kabla ya Kuvua Njuga

Kikundi chetu cha ngoma kilivunjika mara ya kwanza kikiwa na miezi mitano, na mvunjaji mkuu nilikuwa mimi. Nilikuwa nimetangaza kwamba tunacheza bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, kwa hiyo wachezaji wawe Wasukuma. Nilidhani nalinda mila. Kumbe nilikuwa nalinda nafasi yangu ya mstari wa mbele.

Mtaa wenyewe ni wa mjini, una kila kabila. Tuliotimu mazoezini tulikuwa saba. Majirani walisimama pembeni, mabega yakiwacheza, kisha wakaenda zao. Jioni moja mama mmoja wa Kimakonde akaniuliza, "Mwanangu, hilo jembe ni la Wasukuma peke yao? Mbona na sisi tunalima?"

Sikuwa na jibu. Bugobogobo imetoka shambani: watu walilima kwa pamoja, ngoma ikiwaongoza kuinua na kushusha majembe kwa mkupuo mmoja. Ngoma ya watu kusaidiana, mimi nimeiwekea komeo.

Tulipoanza upya tuliweka sharti moja tu. Anayeingia atafundishwa, naye atafundisha. Yule mama akatuletea sindimba, ngoma ya kwao Wamakonde, na viuno vyetu vikatuumbua vibaya. Mzee wetu mpiga ngoma, ambaye kwenye bugobogobo hakuna aliyethubutu kumsahihisha, alikuwa wa mwisho darasani. Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku ile vijana walianza kumuuliza maswali waliyokuwa wakiyaogopa. Kama una kikundi, ushauri wangu ndio huo: mjuzi wenu mkubwa ajifunze kitu asichokijua, na ajifunze mbele za watu. Hotuba za umoja hazijawahi kutufanyia kazi hiyo.

Wapo wanaosema kufungua mlango ni kuichakachua ngoma. Nawaelewa, maana nimeona maonyesho ambayo hatua za makabila manne zimesagwa pamoja ili kumaliza dakika kumi. Sisi hatuchanganyi. Kila ngoma inabaki na midundo yake, na wimbo hauimbwi kabla mwenye lugha hajatueleza maana ya maneno. (Kuna wimbo tuliuimba mwezi mzima kwa furaha tele, kumbe ni wa msiba.)

Usukumani kwenyewe wamenifundisha jambo lingine. Wagika na Wagalu, makundi mawili ya ngoma, mahasimu tangu enzi za mababu, hucheza siku moja, kila kundi upande wake, na mshindi ni aliyevuta watu wengi zaidi. Hadi leo utawaona Bujora, karibu na Mwanza, kwenye sherehe za Bulabo mwezi wa Juni. Hakimu ni mtazamaji. Nikajiuliza, sasa sisi tunajifungia ndani kufanya mazoezi kwa ajili ya nani? Tukahamia uwanjani, na nusu ya wanachama wetu wa leo walianza kwa kusimama pembeni kutazama.

Kilichokaribia kutuua mara ya pili ni fedha. Tulialikwa harusini, watu wakatutuza vizuri, noti zikaingia kwenye kapu, kapu likaenda kwangu pamoja na daftari. Sikuiba hata senti. Lakini nani angejua? Wiki mbili uwanja ulikuwa mtupu, na minong'ono ilinifikia kupitia kwa watu wa mtaa wa pili. Wahenga walishasema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na mwamba ngoma nilikuwa mimi, hata kama mikono yangu ilikuwa safi.

Siku hizi kapu linamwagwa mkekani palepale, kabla mtu hajavua njuga. Fungu la kwanza ni la ngozi, kwa sababu ngozi hupasuka na bila ngoma hakuna kikundi. La pili ni nauli. Kinachobaki kinagawanywa sawasawa, mpiga ngoma na mbeba majembe wote wakiwemo. Daftari husomwa kwa sauti na mwanachama mgeni kuliko wote, maana huyo ndiye bado hajui wa kumwogopa.

Jumamosi iliyopita msomaji alikuwa kijana mwenye wiki tatu tu kikundini. Alikosea kujumlisha, akasahihishwa na watu kumi kwa mpigo, yule mama wa Kimakonde akiwatangulia wote, jembe lake la bugobogobo likiwa bado begani.