Mshambuliaji ana alama 8.4: je, tumsajili?

SWALI

Ndugu mchambuzi, habari za kazi. Mimi ni mjumbe wa kamati ya usajili ya klabu moja ya Ligi Kuu Tanzania Bara, mfuko wetu si mkubwa. Tunacheza zaidi kwa kujilinda na kushambulia kwa kushtukiza, na tunahitaji mtu wa kufunga. Wakala ametuletea mshambuliaji wa miaka 24 kutoka ligi ya nchi jirani. Msimu uliopita alifunga mabao 14, kwenye programu ya simu ana wastani wa alama 8.4, na jedwali alilokuja nalo wakala linaonyesha amewazidi asilimia 93 ya washambuliaji wa ligi ile. Nimeambatanisha jedwali hilo na video ya dakika 4. Kocha hajamwona akicheza, ila mwenyekiti anasema zama za kusajili kwa macho zimepita, Brighton na Brentford za England zinasajili kwa data. Dirisha linafungwa baada ya siku 9. Je, takwimu hizi zinatosha? Na tununue programu gani ili siku zijazo tufanye wenyewe?

JIBU

Hazitoshi, ndugu mjumbe. Na programu msinunue, si kwa dirisha hili.

Maswali kama lako hunifikia kila dirisha, tena hunifikia zikiwa zimebaki siku 10 au pungufu. Kinachobadilika ni jina la mchezaji na rangi za jedwali. Kwa hiyo niwie radhi nikianza na linalonikera kabla sijamfikia mshambuliaji wako: jedwali lililoletwa na mtu atakayelipwa mchezaji akisaini si data, ni tangazo. Zamani tuliuziwa mbuzi kwenye gunia. Siku hizi gunia limechorwa grafu, mbuzi hatujamwona bado.

Mwenyekiti wako kasema kweli, ila kaishia nusu. Tony Bloom, mmiliki wa Brighton, na Matthew Benham, mmiliki wa Brentford, ni watu waliopata utajiri kwa kubashiri mechi kwa hesabu, na hesabu hizo wamezihamishia kwenye usajili. Brighton ilimchukua Moisés Caicedo kutoka Independiente del Valle ya Ecuador mwanzoni mwa 2021 kwa pauni kama milioni 4, na Agosti 2023 ikamuuza Chelsea kwa pauni milioni 100 na nyongeza juu yake. Brentford ilimtoa Ollie Watkins Exeter, daraja la nne huko, mwaka 2017, na baada ya miaka mitatu Aston Villa ikamlipia pauni milioni 28. Mifano hii inasimuliwa kila kikao cha usajili ninachokaa. Kisichosimuliwa ni nani alianza kumtafuta mwenzake. Klabu zile zilijua kwanza zinakosa nini, zikapitisha maelfu ya majina kwenye chekecheo, yakabaki machache, ndipo watu wakatumwa kuyatazama. Kwenu mambo yameenda kinyumenyume: mchezaji kaja mwenyewe mlangoni, sasa mnatafuta namba za kumhalalisha. Kwa njia hiyo hata hao Brighton wangepigwa.

Hilo ndilo watu wengi hawalielewi, na linanichosha kulirudia. Wanadhani data ipo ili iseme "huyu chukua". Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kusema "huyu acha". Majina 200 yakiingia mezani, namba zinanisaidia kufuta 185. Hao 15 wanaobaki wanatazamwa na binadamu mwenye macho na kalamu.

Haya, tuje kwenye mabao 14. Ukurasa wa pili wa jedwali lako, chini kabisa, kwa herufi za kutafuta kwa miwani, imeandikwa penalti 5. Penalti huingia mara 75 hadi 80 kati ya 100, apige yeye au beki wenu wa kulia. Zitoe, yanabaki 9. Dakika alizocheza ni 2,140, sawa na mechi kamili 24 hivi. Kwa hiyo mnaletewa mtu anayefunga bao moja la mchezo wa kawaida kwa kila mechi mbili na nusu au zaidi kidogo. Si mbaya. Lakini si yule wa kwenye tangazo. Na katika hayo 9, matatu aliyapata siku moja, dhidi ya timu iliyokuwa inashika mkia.

Sisemi hayo matatu yafutwe, bao ni bao. Mkenya Michael Olunga alifunga mabao 8 katika mechi moja Novemba 2019, Kashiwa Reysol ilipoichapa Kyoto Sanga 13-1. Aliyetaka kumnunua wiki ile alipaswa kujiuliza: mabao yake ya ligi msimu huo ni 27, ukiiweka pembeni siku ile yanabaki 19, je, hayo 19 yalipatikanaje? Jibu lilikuwa zuri. Mwaka uliofuata Olunga alimaliza ligi kuu ya Japani na mabao 28 na tuzo ya mchezaji bora. Swali ni lile lile kwa mtu wenu, ila jedwali halina cha kulijibu, kwa sababu halina mashuti. Namba 40 zimepangwa humo, kuna hadi asilimia ya pasi sahihi, lakini idadi ya mashuti hakuna, na yalipigwa kutoka wapi hakuna. Kwa mshambuliaji! Ni kama mtu akuuzie gari akutajie rangi ya viti, injini anyamaze.

Kwa nini nang'ang'ania mashuti? Chukua mshambuliaji anayepiga mashuti 50 kwa msimu, kila moja likiwa na nafasi 12 kwa 100 ya kuingia. Hesabu inampa mabao 6. Ila bahati peke yake inaweza kumpa 3 msimu huu na 9 msimu ujao, na miguu yake ikabaki ile ile. Mabao ni machache, yanayumba. Mashuti ni mengi, na anayejua kufika ndani ya boksi mwaka huu kwa kawaida atafika na mwakani. Mnayemleta baada ya msimu wa mabao 9 anaweza kuwa yule yule wa mabao 6, mkamkuta amerudi kwenye kawaida yake akiwa tayari na jezi yenu na mkataba wa miaka miwili.

Asilimia 93 je? Muulize wakala: kati ya washambuliaji wangapi? Wakiwa 30, maana yake ni wa tatu. "Wa tatu" haipendezi kwenye grafu, ndiyo maana hawaandiki hivyo. Alama 8.4 sitaipotezea muda. Alama zile zimetengenezwa kwa ajili ya mashabiki, na kwa mshambuliaji zinapandishwa zaidi na mabao yale yale mliyokwisha kuyahesabu. Mnayahesabu mara mbili, mnaona mna ushahidi wa aina mbili.

Kuna jambo kubwa kuliko yote haya. Namba ya mshambuliaji ni ya watu 11. Mbwana Samatta alifunga mabao 23 ya ligi msimu wa 2018/19, Genk ikiwa bingwa wa Ubelgiji. Januari 2020 Aston Villa, wakiwa wamempoteza Wesley kwa jeraha la goti, wakamchukua, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England. Nchi nzima tukakaa mbele ya televisheni. Akafunga mechi yake ya kwanza ya ligi, dhidi ya Bournemouth. Akafunga na fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Kwenye ligi likabaki bao hilo moja katika mechi 14, na Septemba akapelekwa Fenerbahçe. Vijiweni wakasema kaisha. Hakuwa ameisha. Genk ilikuwa timu inayotawala mechi na kumfikishia mipira mbele ya goli, Villa ilikuwa inapigania isishuke daraja na mpira wenyewe ilikuwa inauona kwa taabu. Ubelgiji ya bingwa na England ya mkiani ni kazi mbili tofauti zenye jina moja, namba 9.

Sasa tazama mtu wenu. Timu yake, kwa mujibu wa jedwali lenu wenyewe, ilimaliza nafasi ya 2. Katika ile video nimehesabu mabao 8 ambayo aliugusa mpira ndani ya mita 6 kutoka golini, baada ya winga kufika mstari wa mwisho. Wewe umeniandikia kwamba mnajilinda na kushtukiza. Nani atafika mstari wa mwisho? Mnahitaji mtu wa kupokea mpira katikati ya uwanja, akiwa amegeuzia goli mgongo na beki kamganda, aushike hadi wenzake watatu wafike. Hakuna hata sekunde moja ya jambo hilo kwenye dakika 4.

Hapa ndipo ninapowaogopa hawa matapeli wapya. Wako vijana wanaotengeneza "ripoti za data" kwa kuagizwa. Mchezaji analipa, wao wanachukua vigezo 60, wanachagua 8 anavyong'ara, wanamchorea ile grafu ya duara iliyo kama utando wa buibui, imejaa hadi kwenye kingo. Nipe mimi vigezo 60 na ruhusa ya kuchagua 8, nitakuonyesha kwamba kipa wenu wa akiba ni wa kiwango cha Ulaya. Mwaka 1996 mchezaji Ali Dia aliingia Southampton ya England kwa simu moja tu, aliyepiga akijifanya George Weah, nyota wa Liberia. Akaingizwa dakika ya 32 badala ya Matthew Le Tissier, dakika ya 85 akatolewa, na hadi leo anachekwa. Wa leo asingepiga simu. Angetuma PDF.

Niliwahi kukaa kikao cha klabu moja, saa 4 usiku, mfumo wa usajili unafungwa kabla ya saa 6. Kompyuta katikati ya meza, chai imepoa, wajumbe wanashangilia video kama wako uwanjani. Mabao 11. Nikaomba irudishwe taratibu. Nyuma ya goli kulikuwa na bango la rangi ya soda, na pembeni yake mtoto kakalia ndoo. Mtoto yule alionekana kwenye mabao manne. Lilikuwa bao moja, limepigwa picha kwa kamera mbili na simu mbili. Walimsajili, kwa sababu fomu zilishajazwa na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema. Alicheza dakika 200 na kidogo, wakamvunjia mkataba, akaenda kudai haki yake, na alistahili kuipata. Zipo klabu zetu zilizofungiwa kusajili na FIFA kwa madai ya namna hiyo hiyo. Ada ya usajili ndiyo mnayoigombania kikaoni, lakini mshahara wa mtu asiyecheza ndio unaowafilisi.

Kuhusu programu: zipo za kulipia, na nyingine zina video za mechi nzima, nazo ni msaada mkubwa kwa mwenye mtu wa kuzitumia. Ninyi hamna. Liverpool mwaka 2012 haikuanza kwa kununua programu, ilimwajiri Ian Graham, msomi wa fizikia wa Cambridge, akakaa miaka 11. Siwaambii mtafute mwanafizikia. Tafuteni kijana mmoja anayejua Excel na anayependa mpira kuliko kupendwa na waandishi, mpeni king'amuzi cha Azam, meza na msimu mzima. Aanze na wachezaji wenu wenyewe. Nikikuuliza sasa hivi winga wenu wa kushoto hupoteza mpira mara ngapi kwa mechi, hapo kwenye kamati nani atanijibu?

Kwa siku 9 hizi, fanya hivi. Mwambie wakala unataka mechi 3 kamili, na uzichague wewe: moja ya ugenini, moja waliyofungwa, moja dhidi ya bingwa. Mwombe na dakika za misimu 3 iliyopita, maana mtu wa miaka 24 mwenye msimu mmoja tu wa kuonyesha ana maelezo ya kutoa, huenda ni jeraha, huenda umri wenyewe si huo. Thibitisha kwamba wakala ana leseni ya FIFA, inayotakiwa tangu Oktoba 2023. Mpigie kocha aliyemfundisha kabla ya huyu wa sasa, siyo huyu wa sasa, ambaye pengine anataka kumuuza. Kisha kocha wenu akae na mechi zile, sauti azime, mpira asiutazame. Amtazame huyo mmoja tu, dakika 90, na kila timu yake inaponyang'anywa mpira aandike anafanya nini ndani ya sekunde 5 zinazofuata.

Mechi zikifika nitumie na mimi, nitazitazama bila malipo. Jedwali usinitumie tena.